Mhazini na Tiketi Mbili za Bure

Kule kwetu mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna aliyeoa, aliyezikwa wala aliyepata kipaimara bila pesa za shughuli yake kupitia mikononi mwa mtu mmoja. Jina alikuwa nalo, na limeandikwa kwenye daftari la usharika, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Mwenyekiti wa kamati angeweza kuwa huyu leo na yule kesho. Katibu alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wake. Mhazini alikuwa Mhazini, hata akiwa shambani na jembe, hata siku ambayo hakukuwa na kamati yoyote, na hata mkewe alimwita hivyo alipotaka kumchokoza. Namwandika kwa uchungu, nitangulie kusema hivyo, na sehemu kubwa ya uchungu huo ni juu yangu mwenyewe.

Alikuwa na kanuni moja: hainunuliwi hata soda kabla pesa yake haijaingia. Anayejua harusi zetu anaelewa ugumu wa kanuni hiyo. Harusi zetu zinasimama juu ya ahadi. Watu wanakutana kila Jumapili baada ya ibada, mmoja anasimama kwa majivuno anaahidi laki mbili, mwingine asiyetaka kupitwa anaahidi tatu, makofi yanapigwa, na baada ya hapo ndipo kazi ya kuwatafuta inapoanza. Nakumbuka harusi ya kijana wa mwalimu wa kwaya. Zilikuwa zimebaki siku mbili, na pesa ya kreti ishirini za soda ilikuwa bado midomoni mwa watu.

"Mhazini, wageni watakunywa nini?" mwenyekiti alifoka. "Maji ya mfereji?"

"Watakunywa walichochangia," alijibu, wala hakuinua macho.

Walimwita mkono wa birika. Mmoja alimwita adui wa sherehe. Kesho yake kabla ya saa nne asubuhi ahadi zote zilikuwa zimelipwa, maana hakuna aliyekuwa tayari kubeba aibu ya wakwe kunyweshwa maji. Hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa, na aliijua vizuri.

Ofa alizichukia kama wengine wanavyochukia nyoka. Kiwanda kimoja kilipoleta mche wa sabuni wenye maandishi mekundu ya kusema sehemu yake ni ya bure, alinunua mmoja, akachukua na mche wa zamani uliokuwa nyumbani, akaipeleka yote miwili kwenye mizani ya muuza nyama. Tulikuwa pale tukisubiri utumbo. Alisoma mshale, akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kidole, kisha akatutangazia kwamba bei imepanda kwa mia tatu na sabuni imeongezeka kwa kipande kisichofika mia mbili. "Sasa hiyo bure iko wapi?" aliuliza. Muuza nyama alimwomba aondoe sabuni yake kwenye mizani ya watu.

Ujumbe wa simu wa kusema umezawadiwa hiki na kile aliusoma kwa sauti mbele ya watu, taratibu, kama anasoma tangazo la ndoa kanisani, kisha akauliza swali lake lilelile: "Na anayelipa ni nani?" Hakuuliza kwa mzaha. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika chama cha ushirika cha kahawa tangu ujanani hadi kustaafu, na alisema huko alijifunza kwamba kila kilichoitwa bure kilikatwa kwenye kilo za mkulima fulani ambaye hakuwepo kwenye kikao.

Kununua maharage alikwenda mpaka Ngaramtoni, anavuka jiji zima, kwa sababu kule siku ya soko bei ilikuwa nafuu. Usidhani nauli aliisahau. Alikuwa akipita kwa majirani wanne jioni ya siku iliyotangulia, anachukua oda zao, na nauli inagawanywa kwa watano. Ukimwambia achukue kilo moja ya nyongeza bila kumpa pesa mkononi, alikutazama kana kwamba umemtukana.

Lakini mtu huyohuyo, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, alikuwa mwendawazimu. Watu wetu wanaleta madhabahuni walivyonavyo, mkungu wa ndizi, kuku, maziwa, mayai, na vinanadiwa nje ya kanisa. Nilimwona akinunua yai moja kwa elfu kumi, akalirudisha linadiwe tena, akalinunua tena kwa elfu saba. Mkewe alikuwa pembeni akicheka mpaka anajishika mgongo. Nilipomuuliza hesabu hiyo inakaaje, alisema hiyo haikuwa bei, ilikuwa sadaka, na nisichanganye mambo.

Na mimi nisingekuwa na haki ya kumwita bahili. Baba yangu alipofariki nikiwa kidato cha tano, ni Mhazini aliyemalizia ada yangu, mihula minne. Alinifanya nitie saini kila alipotoa. Nilipoanza kazi nikaenda na bahasha kumrudishia, alitoa daftari, akachora mstari kwenye saini zangu zote nne, akanirudishia bahasha yangu. "Nilitaka ujue kusaini kitu ulichokisoma," alisema. Nilitoka pale nikilia kwa furaha. Hayo nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

Mkewe tulimwita Mama Rehema, kwa jina la mtoto wao wa pekee. Alikuwa mcheshi, mfumaji wa masweta, na loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando ilikuwa tamu kuliko zote za kule juu. Mgongo wake uliharibika siku alipoanguka na mzigo wa majani ya ng'ombe kwenye mteremko wenye utelezi, na tangu hapo hakuweza kukaa kitako zaidi ya saa moja hivi. Rehema aliolewa Mwanza. Alikaa miaka tisa bila mtoto, akazunguka hospitali zote, na tulikuwa tumeshaacha kuuliza, ndipo akajifungua wa kike. Mama Rehema alimwona mjukuu wake kwenye simu, akakibusu kioo, akaanza kupanga safari.

Walipanda basi, yeye na Mhazini. Walifika Babati. Pale alishindwa kabisa, wakamshusha wakimbeba, akalazwa kwenye benchi la mgahawa, kisha wakatafuta gari dogo la kumrudisha amelala kiti cha nyuma. Rehema naye hakuweza kuja, kichanga kilikuwa na tatizo la kifua na daktari alimkataza kusafiri. Ilibaki ndege. Mhazini aliuliza bei ya tiketi, akaambiwa, akaipigia hesabu.

"Kwa pesa hiyo," aliniambia, "unamsomesha mtoto muhula mzima na chenji inabaki. Kwa saa moja ya kukaa hewani?"

Pesa alikuwa nayo. Hili ndilo linaloniuma kila ninapolifikiria. Alikuwa na milioni kumi za kiinua mgongo chake, ameziweka benki kwa muda maalumu, na hakuzigusa kwa lolote.

Benki hiyo ndiyo niliyokuwa nafanya kazi. Nilikuwa afisa mauzo, nikivaa suti ya bluu na kitambaa shingoni, na kila mwezi nilitakiwa kuandikisha watu ishirini kwenye kadi ya mkopo iliyokuwa mpya kwetu. Kadi ilikuwa na pointi. Kila ukinunua kitu cha elfu moja unapata pointi moja, ukijiunga unazawadiwa pointi elfu mbili, na pointi zikifika elfu kumi na mbili unakatiwa tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi popote nchini. Ukisubiri ukakata mbili kwa pamoja, zinatosha elfu ishirini.

Niseme ninachokijua kuhusu pointi hizo, kwa kuwa nilikaa kwenye jiko zilikopikiwa miaka minne. Mtu ambaye angenunua vitu hivyohivyo hata bila kadi, ambaye pesa yake imeshaingia kabla hajanunua, anayelipa deni lote kila mwezi kabla ya tarehe na hasahau kuzitumia pointi zake, huyo anapata kitu. Nilimwona mmoja, mama mwenye kampuni ya utalii mjini. Wageni walikuwa wamemlipa miezi kabla ya kufika, naye analipia mafuta na hoteli zao kwa kadi, anafuta deni siku hiyohiyo, na kila Desemba anapanda ndege na watoto wake. Wengine wote niliowaandikisha walikuwa wanamlipia mama huyo tiketi. Walimlipia kwa ada ya mwaka, kwa riba ya mwezi, kwa faini ya kuchelewa, na kwa bei ya dukani iliyopandishwa kidogo kwa kuwa mwenye duka naye anakatwa kila kadi inapopita kwenye mashine. Hesabu hizi nilikuwa nazijua tayari siku niliyompelekea Mhazini fomu. Mwezi ulikuwa unaisha na nilikuwa na watu kumi na saba.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Walikuwa barazani.

"Shikamoo, Mhazini. Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Jumapili na mkoba wa kazi? Leo unauza nini?"

Nilimweleza. Alinisikiliza huku akichokonoa meno kwa kijiti, na nilipomaliza akauliza kama nilivyojua atauliza: "Na anayelipa ni nani?"

Benki ilikuwa imetupa jibu la kusema, maneno matamu kuhusu kuthamini wateja. Kwa Mhazini lisingefua dafu. Nikamwambia ukweli, na ukweli ndio uliomnasa.

"Wanaochelewa kulipa ndio wanaolipa, Mhazini. Wewe umewahi kuchelewa kulipa kitu?"

Alitoa kijiti mdomoni. Niliona uso wake ukifunguka, kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mzee huyu alikuwa na majivuno kama sisi wote, ila yake hayakuwa kwenye mavazi wala kwenye ahadi za kikaoni. Yalikuwa kwenye hesabu. Nilikuwa nimempa mchezo ambao wengine wote wanaushindwa, na yeye angeushinda.

"Na hiyo ndege inafika Mwanza?" Mama Rehema aliuliza.

"Inafika, mama. Saa moja na kidogo tu."

"Saa moja naiweza," alisema, akajishika kiuno kama anakiuliza.

Kwa kuwa hakuwa na mshahara, benki ilitaka dhamana, na dhamana ikawa zile milioni kumi. Zikafungwa. Yaani pesa ya kununua tiketi ililala benki, imefungwa kwa kufuli, ili mwenyewe apewe kadi ya kumpatia tiketi za bure. Mtu aliyepima sabuni kwenye mizani ya nyama hakuliona hilo, na mimi niliyeliona nilimpa kalamu.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Alikisoma kwa shida Kiingereza cha mikataba, akafuata mistari kwa kidole, akasimama kwenye kifungu kimoja katika ukurasa wa mwisho.

"Hapa wanasemaje?"

Kifungu kilisema pointi za mwezi haziingii wala haziwezi kutumika mpaka deni la mwezi lilipwe lote, na miezi mitatu ikipita bila kulipwa, kadi inafungwa na pointi zote zinafutwa.

"Hiyo ni ya kawaida tu, Mhazini. Ni ya wanaochelewa."

Alisaini.

Sasa mtu wa mlimani anayekula ndizi za shamba lake na kunywa maziwa ya ng'ombe wake atanunua nini cha kumpa pointi elfu ishirini? Mhazini alilifikiria hilo kabla yangu. Harusi zote zilipita kwake. Pesa za ukumbi, za mapambo, za vinywaji, za keki, zote. Alisimama kwenye kikao, akaeleza wazi kwamba atalipa kwa kadi yake, kwamba pointi zitakuwa zake, na kwamba michango ikiingia atairudisha benki. Watu walipiga makofi. Sidhani kama kuna aliyeelewa, ila kadi yenyewe ilikuwa inang'aa na ilipitishwa mkono kwa mkono wakaitazama.

Ili kadi ikubalike ilibidi waache ukumbi wa usharika wahamie ukumbi wa barabara kuu wenye mashine, uliozidi bei kwa laki tatu. Vinywaji navyo vilitoka kwenye duka kubwa la mjini badala ya kwa jirani yetu wa Maji ya Chai aliyetuuzia kwa bei ya jumla miaka yote. Jirani huyo alikuja kwangu kulalamika. Nilimwambia dunia inabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi hiyo, Mhazini alikuwa anawatoza watu zaidi ya ilivyolazimu, na alilifumbia macho hilo kwa sababu ya Mwanza.

Hilo lilikuwa dogo. Kosa kubwa lilikuwa jingine, na ni kosa ambalo watu wa kamati tu ndio wanaoweza kulifanya. Kadi iligeuza kanuni yake kichwa chini miguu juu. Zamani pesa iliingia ndipo soda ikanunuliwa. Sasa soda ilinunuliwa kwanza, na pesa ikawa ya kutafutwa baadaye.

Harusi ya kwanza watu walilipa. Walizoea kumwogopa. Deni likafutwa, pointi zikaingia, zikawa elfu nane. Harusi ya pili ahadi zilichelewa wiki moja, akauza mtamba akafidia, pointi zikawa elfu kumi na tatu. Siku ujumbe wa pointi hizo ulipoingia kwenye simu yake alinipigia nikiwa kazini.

"Binti, zimefika kumi na tatu. Nikate tiketi moja?"

Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nilimjibu haraka haraka, kwa ile sauti ya kikazi: "Subiri, Mhazini. Ukikata moja sasa unapoteza. Ile harusi ya mwezi ujao peke yake itakuvusha ishirini. Utakata mbili kwa bei nafuu, muende wote."

"Inaonekana hesabu inakubali," alisema.

"Inakubali kabisa."

Harusi ya mwezi uliofuata ilikuwa ya mtoto wa mfanyabiashara mmoja aliyezaliwa kwetu na kuhamia mjini. Kamati ilijaa watu wakubwa, wenye magari, wanaoongea na simu mbili. Ahadi zilikuwa za milioni na nusu milioni. Mimi nami nilikuwepo, na kwa kuwa bosi wangu alikuwa amekaa meza ya mbele, nilisimama nikaahidi laki tatu ambazo sikuwa nazo. Mhazini aliandika. Akapitisha milioni nane kwenye kadi.

Tulikula, tukacheza, matarumbeta yakapigwa mpaka getini. Baada ya hapo kimya. Zamani mwenye ahadi alitishika kwa kuwa bila yeye wageni wangekunywa maji. Sasa wageni walikuwa wameshakunywa bia na kwenda zao, na bwana na bibi harusi walikuwa kwenye fungate. Nani angemtisha nani? Wakubwa hawakupokea simu. Waliopokea walisema mwisho wa mwezi. Mimi nilimwambia mwisho wa mwezi mara tatu, na mara ya nne nikaiacha simu iite huku nikiitazama.

Hakuwaambia watu kwamba riba inahesabika. Aliona aibu. Yeye Mhazini, achelewe kulipa? Alimuuza ng'ombe mmoja kati ya wawili waliobaki, akauza kahawa mbichi kabla haijaiva kwa bei ya kutupa, akapeleka kidogo kidogo, na faini ikala alichopeleka. Kijana wa benki kutoka Dar alikuwa akimpigia kila asubuhi, anamsomea karatasi. Orodha ya wadaiwa sugu ililetwa mezani kwangu kama ilivyoletwa kila mwezi. Nililiona jina lake la ubatizo, lile ambalo hakuna anayelitumia, nikageuza ukurasa.

Miezi mitatu ilipokwisha benki ilijikatia kwenye zile milioni kumi, ikafunga kadi, ikafuta pointi. Nilikaa siku moja nikajumlisha ada, riba na faini peke yake, bila deni lenyewe. Zingewapeleka wote wawili Mwanza na kuwarudisha mara tatu. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea.

Wiki ya pili baada ya hapo Mama Rehema alipandwa na presha. Alilazwa siku nne, na siku ya tano tukaletewa habari.

Turubai lilifungwa, watu wakajaa. Mwenyekiti wa msiba alisimama akasema Rehema yuko Mwanza na mtoto, kwa basi hatawahi, tunamletaje? Nusu saa haikuisha. Simu zilitolewa, pesa zikatumwa, kila mtu akitaja kiasi chake kwa sauti, na tiketi ya Rehema ilinunuliwa palepale, pesa taslimu, na nyingine ikabaki ya chakula. Niliwahesabu sita kati ya waliotoa ambao hawakuwa wamelipa ahadi ya harusi. Wa saba ni mimi. Nilituma laki moja bila kupepesa. Mhazini alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yetu, anatutazama tunavyoweza.

Rehema alitua kesho yake mchana. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne na kifua chake kilikuwa kimepona. Alilazwa kwenye kitanda cha bibi yake, akalala usingizi mzito wakati sisi tunaimba nje.

Niliacha kazi ya benki mwaka uliofuata. Sikuacha kwa ushujaa, mkataba wangu uliisha na hawakuuendeleza. Mhazini alikuwa ameshakataa kamati zote. Siku hizi kijana mmoja anakusanya michango kwenye kundi la simu na watu wanamlalamikia, lakini hakuna anayekwenda tena kumgongea mzee.

Mimi nilikwenda mwaka huu, msimu wa kahawa. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anachambua kahawa kwenye ungo. Amekonda, na shati lake halikupigwa pasi, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye gunia, ni safi."

Nilimpa bahasha. Alifuta mikono kwenye suruali, akahesabu.

"Ahadi yako ilikuwa laki tatu," alisema. "Hapa kuna nne."

"Nyingine ni riba, baba."

Alizitenga noti za laki moja, akaninyooshea. "Riba ilishalipwa. Chukua."

Nilizichukua. Zilinichoma mkononi na sikujua pa kuziweka. Nikaona kama sikusema siku hiyo sitasema tena.

"Baba, kile kifungu ulichoniuliza. Nilikuwa nakijua."

"Najua ulikijua. Ulikuwa unatazama saa." Aliendelea kuchambua. "Lakini mimi mwenyewe nilizitaka tiketi za bure. Usijibebeshe peke yako."

Nilidhani ameniondolea mzigo. Nilianza hata kupumua. Akaweka ungo chini.

"Kuna jambo hulijui. Siku ile pointi zilipofika elfu kumi na tatu, Mama Rehema nilimsomea ujumbe. Akasema moja inatosha, nikate hiyo moja aende, mimi nibaki na ng'ombe. Alikuwa ameshatoa begi. Ameweka kanga tatu na sweta alilomfumia mtoto. Nikamwambia binti wa benki amesema tusubiri, mbili ndiyo hesabu nzuri. Akaniuliza, binti yupi? Nikamwambia, yule wa kwetu, tuliyemsomesha. Akasema, kama ni yule wa kwetu, basi tusubiri. Akatoa vitu vyake kwenye begi, akavirudisha kabatini."

Ng'ombe wake alilia bandani. Nilipiga magoti palepale kwenye maganda ya kahawa.

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimekusamehe siku nyingi," alisema. "Yeye sikuwahi kumuuliza."